Inauma Wapi?

Jumamosi moja mwezi uliopita, mkono wangu ulifanya kitu kabla sijauamuru.

Mimi hufundisha watoto sarakasi kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands, Nairobi. Si kazi rasmi. Malipo ni nauli na chai, na wiki zingine hata hiyo chai haiko. Watoto ni 14, mikeka ni sita, na ukumbi tunagawana na kwaya inayofanya mazoezi upande ule mwingine. Siku hiyo tulikuwa tunapiga msamba. Binti mmoja wa miaka tisa alikuwa ameshuka vizuri, mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, amebakisha kama upana wa kiganja kufika sakafuni. Akakunja uso. Akasema, "Ticha, inauma."

Na mkono wangu ulikuwa tayari mgongoni mwake, unasukuma chini.

Haukusukuma kwa nguvu. Ungekuwa umekaa pale kwa benchi na wazazi wengine usingeona kitu. Lakini mimi niliuhisi uzito wangu ukihamia kwa kile kiganja, nikautoa kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nikamwambia apumzike, anywe maji. Kisha nikatoka nje, nikaketi kwa ngazi na kusikiliza kwaya ikirudia mstari mmoja mara kumi. Nilikuwa natetemeka, bana. Ule mkono niliujua, na haukuwa wangu. Ulikuwa wa Kocha.

Nilianza sarakasi nikiwa na miaka 10. Wakati huo, kwetu, kulikuwa na njia tatu za kutoka mtaani: mpira, muziki na sarakasi. Shule pia ilikuwepo, lakini shule ilikuwa na karo. Kila mtu alimjua msee fulani aliyeanza kwa kuruka kwa mchanga kando ya barabara, na sasa yuko Ujerumani au Uchina, anatuma pesa, amemjengea mamake nyumba ya mawe. Kwa hivyo wazazi wetu walipotupeleka kwa Kocha hawakuwa wanatupeleka kucheza. Walikuwa wanatupeleka kazini.

Kocha alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu mambo yangekuwa rahisi sana kwangu kama angekuwa mnyama. Alitununulia maandazi kwa pesa zake. Kuna mvulana aliyelala kwake karibu miezi mitatu mamake alipolazwa hospitali. Lakini kwa mambo ya msamba alijua njia moja tu. Ulishuka mpaka pale ulipofika, wenzako wawili wakakushika mabega, naye akaweka mkono mgongoni, siku zingine akaketi kabisa, na kuhesabu hadi 60. Ukilia, anaanza upya. "Jikaze kisabuni," alikuwa akisema, na sisi wengine tulicheka, kwa sababu zamu yetu ilikuwa imepita ama haijafika.

Rafiki yangu, ambaye jina lake nitalibania, alikuwa na miaka 13. Mimi nilikuwa na 12. Siku ninayoisema, mimi ndiye niliyemshika upande wa kushoto. Alisema inauma. Sote tulisema inauma, kila siku. Ilikuwa kama salamu. Lakini yeye hakuishia hapo. Alisema, "Hapana, leo inauma hapa," akajaribu kupeleka mkono nyuma, chini ya kalio, pale kwa mfupa ambao mtu huukalia. Hakufika, kwa sababu mkono wake nilikuwa nimeushika mimi. Kocha akasema, "Arobaini na moja." Kisha tukasikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika.

Alichechemea miezi mingi. Nyumbani walimkanda kwa maji moto, wakampaka dawa ya kuchua, wakasema ni msuli. Picha ilipigwa baadaye sana, na ndipo ikajulikana kwamba msuli haukuwa na neno. Kipande cha mfupa wa nyonga kilikuwa kimeng'oka, pale ambapo misuli ya nyuma ya paja hujishikiza. Nimekuja kujifunza kwamba hili ni jeraha linalojulikana vizuri kwa vijana wanaofanya jimnastiki, densi na mpira. Katika umri ule kipande hicho cha mfupa bado hakijaungana sawasawa na mfupa mwenzake, na ukivuta kupita kiasi, mfupa ndio huachia kwanza. Hakurudi sarakasi tena. Mimi nilirudi Jumatatu.

Kwa miaka mingi nilijiambia hadithi moja kuhusu ile siku: ajali ilitokea kwa sababu msuli ni kama mpira wa manati. Kila mtu ana urefu wake. Ukiuvuta kidogo kidogo kila siku unarefuka, ukiuvuta sana unakatika, na Kocha alikosea hesabu tu. Katika hadithi hiyo maumivu ni kelele, kama mlango usiotiwa mafuta. Kazi ya mwanamichezo ni kuizoea ile kelele mpaka msuli umalize kurefuka.

Hadithi hiyo ilinivunjikia siku nilipoanza kusoma mambo ya watu waliopima.

Mwaka 1996, Peter Magnusson na wenzake huko Copenhagen walichapisha utafiti ambao mpango wake hata mtoto anaweza kuuelewa. Watu walinyoosha mguu mmoja kila siku kwa muda wa wiki tatu hivi, mguu wa pili wakauacha. Kabla na baada ya hapo, mashine iliukunjua mguu polepole huku ikipima mambo mawili: goti limefika pembe gani, na msuli unavuta kwa nguvu kiasi gani. Baada ya wiki hizo ule mguu uliofanyishwa mazoezi ulienda mbali zaidi, kama ambavyo kila mtu angetarajia. Lakini pembe ikiwa ni ileile ya zamani, msuli ulivuta kwa nguvu zilezile za zamani. Haukuwa umelegea. Haukuonyesha kuwa umerefuka. Kilichobadilika ni mahali ambapo mwenye mguu alisema basi. Alikubali kuvutwa zaidi kabla ya kusema inauma.

Mwaka 2010 Magnusson huyohuyo na Cynthia Weppler waliandika makala iliyokusanya tafiti nyingi za aina hii, wakauliza swali moja kwa moja: mtu anapoongeza unyumbufu, ni urefu wa msuli unaobadilika ama ni hisia? Kwa mazoezi ya wiki chache, jibu lao liliegemea hisia. Hata ule ulegevu unaousikia mara tu baada ya kunyoosha, ule wa "leo nimefunguka," sehemu yake kubwa hurudi ilikotoka baada ya saa moja hivi.

Sitaki kutia chumvi. Msuli nao hubadilika. Mnyama akifungwa mguu wiki nyingi huku msuli umenyooshwa, nyuzi zake huongeza vipande vipya na msuli kurefuka kweli, na mtu anayenyoosha kwa bidii miezi na miaka hawezi kubaki vilevile. Lakini yule mtoto anayeanza, yule wa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, yule ambaye Kocha aliketi mgongoni mwake, nyama zake hazikuwa zinarefuka pale kwa mkeka. Kilichokuwa kinafanyiwa kazi ni kitu kingine kabisa. Ni hofu yake na ruhusa yake.

Nilipoelewa hivyo, msamba uligeuka kuwa suala la maadili.

Maana kama msuli ungekuwa mpira wa manati, basi ninapomsukuma mtoto nasukuma kitu. Naweza kukosea hesabu, naweza kuwa mzembe, lakini nakosea kama fundi anavyokosea. Ikiwa kinachosonga ni ile sehemu ya mtoto inayosema basi, basi mkono wangu unabishana na neno lake. Kwa kilo zangu 63 dhidi ya zake 27. Na nikishinda, nimemfundisha nini hasa? Nimemfundisha kwamba "inauma" ni sentensi ambayo mtu mzima akiisikia haachi.

Tazama pia vile lugha yetu inatuchezea. Mtoto yuko kwa msamba, kitu pekee ambacho mwili wake unahitaji kufanya ni kulegea, na sisi tunampigia kelele ajikaze. Jikaze! Naye anatii, masikini. Anakaza meno, anakaza mabega, anashikilia pumzi, na misuli ya paja nayo inakaza pamoja na vingine vyote. Kisha tunasema mwili wake ni mgumu. Kulegea, kwa upande mwingine, tumekufanya tusi. Hakuna mzazi Nairobi anayemwambia mwanawe "legea" kama kumtakia heri. Hata "pole" yetu ina mambo yake. Neno hilo hilo tunampa aliyeumia, na tukilirudia mara mbili ni mwendo: polepole. Kocha alikuwa mwepesi sana wa pole ile ya kwanza.

Kuna watu wa mitandaoni ambao wakishasoma hizi tafiti wanakuja na hitimisho lao: basi maumivu yako kichwani, yashinde kwa akili. Nadhani wameelewa kinyume. René Descartes, katika kitabu kilichochapishwa 1664 baada ya kifo chake, alieleza maumivu kama kamba ya kengele: moto uguse mguu, kamba ivutwe, kengele ilie kichwani. Picha hiyo ilitawala muda mrefu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba kuna kitu kama lango katika uti wa mgongo, na kwamba ubongo wenyewe hutuma habari za kulifungua au kulifunga. Kwa hiyo moto uleule hauumi vilevile kwa kila mtu wala kila siku. Lakini "ubongo unashiriki" si sawa na "ni uongo." Chama cha kimataifa cha wanaochunguza maumivu kilipoirekebisha maana ya neno hilo mwaka 2020, kiliandika pia kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Hawakuandika iaminiwe kwa kila jambo, ama itiiwe. Wameandika iheshimiwe. Nimelitafuna sana hilo neno.

Ugumu unaanza hapo, na mathe ndiye aliyenifundisha.

Mamangu ana kisukari, na watu wenye kisukari hupatwa na bega kuganda kuliko wengine. Lake liliganda mwaka juzi. Hakuweza kufunga sidiria, hakuweza kufikia rafu ya unga. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo mwenye mikono mikubwa, mpole sana. Kila alipouinua ule mkono alimuuliza, "Mama, kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi?" Na mathe, jasho limemtoka kwenye mdomo wa juu, alijibu, "Nne." Kila mara ni nne. Mkono ukiwa chini, nne. Ukiinuliwa mpaka anang'ata leso, nne.

Tukiwa kwa matatu kurudi nyumbani nikamuuliza kwa nini anadanganya. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Sasa nimwambie mtoto wa watu ananiumiza? Na anajaribu kunisaidia?" Kisha baada ya kimya kirefu: "Na nikisema tisa ataacha. Mimi nataka kuinua mkono."

Hapo kanuni yangu nzuri ya kuwaamini watu wanaposema basi ilipata shida kutoka pande mbili. Kwanza, mathe hakusema basi mahali alipopaswa. Kuna watu waliofunzwa maisha yote kwamba uchungu wao ni usumbufu kwa wengine, na ukiwauliza namba watakupa adabu. Pili, alikuwa na haki ya kutaka kuendelea. Bega lake lilihitaji kwenda mahali palipouma. Kama yule kijana angesimama kila uso ulipokunjwa, mathe angekuwa bado anafikishiwa unga na wajukuu. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na ushauri wa hayo maumivu, "usinisogeze kabisa," ulikuwa mbaya.

Kwa hiyo siwezi kusema maumivu yana haki ya kutoa amri. Mimi mwenyewe napenda ule uchungu mzito wa katikati ya paja, ule unaotanuka ukishusha pumzi na kuondoka ukiinuka. Ninaujua kama jirani. Kuna siku naufuata kwa makusudi. Ukinikataza kwa jina la kunilinda nitakushangaa.

Lakini angalia tofauti. Mathe alilificha neno lake kwa sababu zake. Rafiki yangu alilitoa na likachukuliwa. Mambo haya mawili yanafanana ukiwa mbali, kwa sababu katika yote mawili kiungo kinasogezwa na uso umekunjwa. Ndiyo maana nina mashaka na mtu anayekuambia kanuni yake ni "no pain, no gain" na pia na yule anayesema usiguse mahali panapouma. Wote wawili wanasikiliza kama kuna kelele au hakuna. Hakuna anayeuliza kelele inasema nini.

Rafiki yangu alikuwa amesema. Hicho ndicho kinachoniamsha usiku. Hakulia tu. Alisema *leo*, akasema *hapa*. Siku zote ilimuuma katikati ya paja kama sisi sote. Siku hiyo ilimuuma kwa mfupa. Ilikuwa taarifa, tena taarifa sahihi kuliko ile iliyokuja kutolewa na picha. Mtu yeyote anayefundisha viungo leo atakwambia kwamba mvuto mzito wa katikati ya msuli ni jambo moja, na uchungu mkali wa karibu na kiungo au mfupa, au ganzi, au kama umeme unaoshuka mguuni, ni jambo lingine ambalo unalisimamisha papo hapo. Haihitaji digrii. Inahitaji kuuliza maneno mawili: inauma wapi?

Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji, rafiki wa dada yangu, aliwahi kunisimulia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Mgonjwa akishapewa nusukaputi na dawa za kulegeza misuli, viungo vyake vinaenda mbali kuliko alivyokuwa macho. Mzee aliyeshindwa kuinua mguu asubuhi, unauinua kama wa mwanasesere. Mimi nikamwambia, si hiyo ni ndoto ya kila mwanasarakasi! Akacheka, kisha akasema hapo ndipo wao wanakuwa waangalifu zaidi. Mkono uliopanuliwa vibaya kwa meza saa tatu unaweza kuharibika neva, na mgonjwa hatasema chochote. Kwa hivyo wanatia mito chini ya viwiko, wanaangalia pembe za mabega, watu wanne wanamgeuza mtu mmoja kwa kuhesabu pamoja. Asiyeweza kusema inauma anahitaji mtu wa kumsemea.

Nilifikiria ule ukumbi wetu. Tulikuwa na mtu aliye macho kabisa, anayesema, na tulimshughulikia kwa uangalifu mdogo kuliko wanavyomshughulikia aliyelala fofofo.

Usidhani ni mambo ya mtaani kwetu tu. Mwaka 2017, huko Denver, Marekani, video ilisambaa ya wasichana wa shule, washangiliaji wa timu, wakishushwa msamba kwa nguvu. Mmoja anasikika akiomba waache, tena na tena, huku wenzake wamemshika mikono na kocha amembonyeza. Sikuweza kuimaliza. Watu walimtazama kocha. Mimi nilikuwa natazama mikono ya wale wenzake. Na mwaka 2022 Uingereza ilichapisha ripoti ya Anne Whyte kuhusu jimnastiki nchini humo, baada ya kupokea maelezo zaidi ya 400. Miongoni mwa yaliyoelezwa humo ni watoto kunyooshwa kupita kiasi mpaka kufadhaika. Hawa walikuwa na mikeka mizuri, madaktari, vyeti ukutani. Ukosefu wa vifaa haukuwa shida yao.

Elaine Scarry aliandika mwaka 1985, katika kitabu chake kuhusu mwili ulio katika maumivu, kwamba kwa anayeumwa hakuna kitu cha hakika kuliko maumivu yale, na kwa anayesikia habari zake hakuna kitu chepesi kutilia shaka kama hayo hayo. Waswahili wameshalifupisha: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilikuwa naipenda methali hiyo. Siku hizi naiona ni kisingizio kizuri mno. Kwa sababu mimi sikuwa nje ya kaburi. Wiki moja kabla ya ile siku, nilikuwa mimi chini ya Kocha, mashavu kwa mkeka, nikihesabu naye kimoyomoyo. Nilijua hasa. Nikashika vilevile.

Mwezi uliopita, baada ya lile jambo la mkono wangu, nilimpigia rafiki yangu simu. Tumekuwa tukisalimiana miaka yote, harusi, matanga, happy birthday ya WhatsApp, lakini hilo halijawahi kutajwa. Yuko Nakuru, ana duka la vifaa vya umeme na watoto wawili. Bado akikaa kwa kiti kigumu muda mrefu anahamia kalio la upande mmoja. Nikajikakamua nikamuuliza kama anamkasirikia Kocha.

"Kocha?" akasema. "Kocha alikuwa anaona mguu, aki. Kwake mguu ulikuwa visa. Sikuwahi kumkasirikia."

Nikanyamaza. Nilijua kuna sehemu ya pili.

"Wewe ndiye nilikukasirikia. Kwa sababu nilikuangalia. Nilisema hapa, nikakuangalia wewe, sikumwangalia yeye. Na wewe ulijua."

Nilianza kusema tulikuwa watoto. Ni kweli, tulikuwa watoto. Nikaishia katikati ya sentensi kwa sababu nilisikia vile inavyosikika. Yeye akasema, bila hasira, "Si nakulaumu. Umeniuliza." Kisha mteja akaingia dukani, akaanza kumweleza bei ya nyaya, na mimi nikabaki nikisikiliza bei za nyaya mpaka akakumbuka niko.

Kabla ya kukata aliniuliza mbona nimeuliza leo. Nikamwambia kuhusu binti wa miaka tisa. Akauliza, "Na ulimuuliza ilikuwa inamuuma wapi?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimetoa mkono na kukimbilia nje kwa ngazi, nikihangaikia dhamiri yangu. Mtoto nilimwachia maji.

Jumamosi iliyofuata alikuja, ametangulia wengine. Nikamwita kando na kumwuliza. Alifikiria kwa makini sana, kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu, kisha akajipapasa paja la nyuma, katikati. "Hapa. Lakini si kuuma ya kulia. Ni kuuma ya..." akatafuta neno, akalikosa, akavuta hewa kwa vidole kama anayenyoosha ubani. Nikamwambia hiyo naijua.

"Leo hutanishika?" akauliza.

Nikamwambia sitamshika. Akaonekana kama amevunjika moyo kidogo. Wengine wanaamini bila kushikwa hawafiki. Akasema sawa, lakini nihesabu, kwa sauti, na asiposema kitu niendelee. Nikamwuliza akisema kitu je?

"Nikisema hapa," akasema, "unyamaze."

Akashuka. Kwaya ilikuwa haijafika, ukumbi ulikuwa kimya. Nilikalia mikono yangu yote miwili, sidanganyi, nikaanza kuhesabu. Alifika palepale pa wiki iliyopita, upana wa kiganja. Akashusha pumzi. Kwa kumi na nane akaniangalia usoni, na mimi nikanyamaza kabla hajafungua mdomo.

"Sijasema kitu," akasema. "Endelea."